Mjukuu wa Nani?

Filamu haihukumiwi kwa namba, lakini tuanze na namba, kwa sababu safari hii namba zenyewe zinagombana.

Star Wars: The Rise of Skywalker iliingia kwenye majumba ya sinema Desemba 2019. Ni sehemu ya 9, na ya mwisho, ya hadithi ya ukoo wa Skywalker aliyoianza George Lucas mwaka 1977. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, ambayo hukusanya maoni na kuyajumlisha, ni takriban nusu tu ya wahakiki walioipitisha. Watazamaji wa kawaida, kwenye tovuti hiyo hiyo, waliipa zaidi ya asilimia 80. Miaka miwili kabla, The Last Jedi, yaani sehemu ya 8, ilipata kinyume chake: zaidi ya asilimia 90 kwa wahakiki, chini ya nusu kwa watazamaji. Hapo ikazaliwa hukumu inayozunguka hadi leo, kwamba sehemu ya 8 ilitengenezwa kwa ajili ya wajuaji, na sehemu ya 9 kwa ajili ya mashabiki.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kuna kampuni iitwayo CinemaScore ambayo kazi yake ni kuwauliza watu wanapotoka ukumbini filamu inapofunguliwa, wakiwa bado na harufu ya bisi nguoni. Watu hao waliipa The Last Jedi alama ya A. The Rise of Skywalker waliipa B+. Isitoshe, katikati ya filamu hizo mbili Rotten Tomatoes ilibadilisha utaratibu wake: mwaka 2019 ilianza kutenga maoni ya waliothibitishwa kununua tiketi na maoni ya kila mpita njia. Kwa hiyo mizigo miwili ilipimwa kwa mizani mbili, kisha tukaambiwa upi mzito. Mauzo nayo hayamalizi ubishi. The Force Awakens ya 2015 ilivuka dola bilioni 2 duniani kote, The Last Jedi ikapata takriban bilioni 1.3, na hii ya mwisho ikaishia karibu na bilioni 1.1. Fedha zinatuambia kwamba mapato yalikuwa yakishuka. Hazituambii watu waliudhika na nini.

Hicho walichoudhika nacho ndicho ninachotaka kukifuata hapa. Naamini chini ya kelele zote kulikuwa na swali moja la maana, ambalo mashabiki wa pande zote walikuwa wakilizunguka hata walipodhani wanabishania mambo mengine: je, ili uwe mtu wa maana katika hadithi, ni lazima uwe mtoto wa mtu fulani?

Kwa asiyeifuatilia hadithi hii, mambo ni hivi. Rey, anayeigizwa na Daisy Ridley, ni msichana aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya jangwa iitwayo Jakku. Anaishi kwa kuokota vyuma kwenye mabaki ya vita vya zamani na kuvibadilisha kwa chakula. Ana Nguvu, ile nishati wanayoitumia Jedi, na anayo kwa wingi usio wa kawaida. Baada ya sehemu ya 7, mashabiki walikaa miaka miwili wakijadili wazazi wake ni nani. Luke Skywalker? Obi-Wan Kenobi? Kila mmoja alikuwa na ukoo wake mfukoni. Kisha Rian Johnson, aliyeandika na kuongoza sehemu ya 8, akatoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia: wazazi wake hawakuwa watu wowote. Walikuwa wauza vyuma chakavu waliomuuza mtoto wao wapate fedha ya kunywea.

Niliposikia jibu hilo niliketi wima. Nimekulia mahali ambapo ukibisha hodi, swali la kwanza ni "Wewe ni mtoto wa nani?" Swali hilo lina upendo ndani yake. Mzee anayeliuliza anatafuta uzi wa kukuunganisha naye, na akiupata utaandaliwa chai. Lakini swali hilo hilo ukilikuta mapokezi ya ofisi, umeshika cheti chako kwenye bahasha ya kaki, ladha yake ni nyingine. Anayeuliza anataka kujua kama kuna mtu atakayempigia simu. Kila mwenye umri wangu anajua tofauti ya maulizo hayo mawili bila kufundishwa. Na hapa palikuwa na moja ya hadithi zinazotazamwa sana duniani, hadithi ambayo kwa miaka 40 ilikuwa ni ya baba, mwana na dada pacha, ikitamka kwamba muokota vyuma anaweza kubeba upanga wa mwanga bila barua ya utambulisho.

Sehemu ya 9 ikaileta barua. Rey, tunaambiwa, ni mjukuu wa Palpatine, yule mfalme mwovu ambaye Darth Vader alimtupa shimoni katika filamu ya 1983. Wazazi wake walijifanya watu duni ili kumficha, na walimuuza ili kumwokoa. Palpatine mwenyewe amerudi. Amerudije? Rubani Poe Dameron anapewa kazi ya kututaarifu kwamba amerudi kwa namna fulani, basi, na kauli hiyo imebaki utani wa kudumu miongoni mwa mashabiki. Hata tangazo la kurudi kwake, ambalo maandishi ya mwanzo ya filamu yanalitaja kana kwamba sote tumelisikia, lilichezwa siku chache kabla ndani ya mchezo wa video wa Fortnite. Msimulizi anayeuacha mwanzo wa hadithi yake kwenye duka la jirani ana deni kwa wasikilizaji.

Watetezi wa filamu wana hoja, na ni hoja nzuri. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema watu, na Rey anaikataa methali hiyo kwa vitendo. Damu yake inamwita kwenye kiti cha enzi cha sayari ya Exegol, anakataa kukikalia. Mwisho, kwenye mchanga wa Tatooine, bibi mmoja mpita njia anapomuuliza jina la ukoo wake, anajibu kwamba yeye ni Rey Skywalker, jina la watu waliomfundisha na kumpokea. Rafiki yangu mmoja, aliyelelewa na mama yake mdogo, alitoka kwenye filamu hiyo akiwa amelia. Nilipoanza kulalamika kuhusu ukoo alinikatiza: "Ndugu yangu, wewe umeona ukoo. Mimi nimeona mtu akimchagua mama yake."

Sina jibu la kummaliza, na sitaki kulitafuta. Mapenzi yake kwa filamu ile ni ya haki. Ila naona kwamba filamu inampa Rey chaguo kati ya milango miwili, na milango yote miwili ni ya majumba makubwa. Mapema, kwenye sherehe ya wenyeji wa sayari ya Pasaana, mtoto anamuuliza jina la familia yake naye anajibu kwamba yeye ni Rey tu. Jibu hilo lina upweke, lakini lina heshima pia. Filamu ingeweza kulikuza hadi mwisho, bibi wa Tatooine akalisikia lile lile, safari hii likiwa limejaa. Badala yake inalichukulia kama pengo, na pengo lazima lizibwe kwa jina linalojulikana.

Ni rahisi kumlaumu J.J. Abrams, aliyeiongoza na kuiandika pamoja na Chris Terrio. Haki inataka tuseme alichokikuta. Disney ilinunua kampuni ya Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4, kisha ikaanza kusimulia filamu 3 zenye hadithi moja kwa waongozaji tofauti, kila mmoja akipokea kijiti na kukimbilia anakojua. Sehemu ya 9 ilikuwa ya Colin Trevorrow; aliondoka Septemba 2017, na Abrams, aliyekuwa ameongoza ya 7, akaitwa kuokoa jahazi. Carrie Fisher, ambaye Leia wake alitarajiwa kuwa moyo wa filamu hii ya mwisho, alikuwa amefariki Desemba 2016. Sehemu kubwa ya tunachokiona kwa Leia imejengwa juu ya picha zilizobaki kutoka sehemu ya 7, mazungumzo ya wengine yakiwa yameandikwa kuzizunguka sentensi alizokwisha kuzisema. Ukijua hivyo, kigugumizi cha matukio yake unakisamehe.

Kisha ikaja dhoruba ya The Last Jedi. Hapa tunahitaji kutenganisha mambo, kwa sababu pande zote mbili za ugomvi huo zilipenda kuyachanganya. Kuchoshwa na safari ya mji wa kamari wa Canto Bight si ubaguzi. Kuumia kwa kumwona Luke, shujaa wa utoto wako, amekuwa mzee aliyekata tamaa kisiwani, si chuki. Ni huzuni ya kweli, na mtu ana haki nayo. Lakini palikuwa na jambo jingine lililotembea likiwa limevaa nguo za uhakiki. Kelly Marie Tran, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kupewa nafasi kubwa kiasi kile katika filamu hizi, alishambuliwa mtandaoni kwa sura yake na asili yake hadi mwaka 2018 akafuta picha zake zote za Instagram, kisha akaandika makala katika New York Times kueleza jinsi maneno yale yalivyoanza kumwingia akaamini. Kabla yake, mwaka 2014, sekunde chache za tangazo la kwanza la sehemu ya 7 zilitosha: uso wa John Boyega, Mwingereza mwenye wazazi Wanigeria, ulipojitokeza juu ya vazi jeupe la askari wa dola, wapo walioona kwamba galaksi yenye viumbe wa kila rangi haina nafasi kwa rangi hiyo.

Kipimo cha filamu ya mwisho, basi, kilikuwa namna itakavyowajibu watu hao. Ikawajibu kwa kuwasogezea kiti. Rose Tico, mhusika wa Kelly Marie Tran, ambaye sehemu ya 8 ilimfanya mmoja wa wahusika wakuu, katika filamu ya zaidi ya saa 2 anaonekana kwa muda unaoweza kuupima kwa kuchemsha maji ya chai ya mtu mmoja. Anabaki kambini kusoma michoro. Wenye busara wanaweza kutoa sababu za kiufundi. Mtu aliyemtukana hakuhitaji sababu, aliona tu kwamba ametukana na mtukanwa ameondolewa.

Finn wa Boyega ana kisa kikubwa zaidi, na kwangu ndilo jeraha kuu la filamu. Fikiria alikoanzia. Ni mtoto aliyeporwa kwa wazazi, akapewa namba badala ya jina, FN-2187, akafundishwa kuua, na siku ya kwanza alipoamriwa kufyatua risasi kijijini akakataa. Msomaji wa kanda yetu hahitaji kuelezwa mtoto askari ni nini. Katika sehemu ya 9 Finn anakutana na Jannah, anayeigizwa na Naomi Ackie, na kugundua kwamba kikosi kizima cha wenzake kilifanya kama yeye: kiliweka silaha chini kikakataa kuwapiga raia. Kwa dakika hizo chache filamu inashika dhahabu mkononi. Ndani ya kofia zile nyeupe kuna watoto walioibwa, na baadhi yao wanaweza kusema hapana. Hadithi nzima ya vita hii ingeweza kugeukia hapo. Lakini tunarudi mbio kwenye mjukuu na babu yake, na vita vya mwisho vinatutaka tushangilie kila chombo kinapolipuka, kana kwamba hatujaambiwa waliomo ndani ni nani. Finn mwenyewe anatumia filamu nzima akiwa na jambo la kumwambia Rey, na filamu inaisha hajaambiwa. Mwaka 2020, katika mahojiano na jarida la GQ, Boyega alilalamika waziwazi kwamba wahusika weusi walitangazwa kama nguzo za hadithi kisha wakasukumwa pembeni. Waliokuwa wakimpenda Finn walikuwa wameshaliona hilo ukumbini.

Na waliokuwa wakimpenda Ben Solo? Hao nao walitoka wakiomboleza. Kuna kundi kubwa la mashabiki, wengi wao wanawake vijana, waliozifuata filamu hizi 3 kama kisa cha mapenzi kati ya Rey na kijana huyo aliyepotea gizani. Filamu iliwapa busu moja, na kabla hawajavuta pumzi ikamuua. Walichekwa sana, kwa sababu kupenda mapenzi huhesabiwa kuwa ushabiki wa daraja la pili. Ila malalamiko yao yalikuwa ya kimsingi kabisa: umetuahidi kwamba aliyekosea anaweza kurudi nyumbani, mbona akirudi tu anauawa mlangoni?

Mshika mawili, moja humponyoka. Filamu hii ilishika manne au matano. Iliwasikia waliotaka Rey awe na ukoo ikawapa ukoo. Iliwasikia waliomchoka Rose. Iliwasikia hata walionung'unika tangu 1977 kwamba Chewbacca hakuvalishwa nishani pamoja na Luke na Han, na baada ya miaka 42 ikampa nishani. Kila kilio kilipata kipande chake cha peremende. Hasara hazikuruhusiwa kudumu: Chewbacca anakufa, kumbe hajafa, C-3PO anafutwa kumbukumbu zake baada ya kuwatazama rafiki zake kwa mara ya mwisho, tukio zuri kweli, kumbe kuna nakala. Ukimfundisha mtazamaji mara mbili kwamba machozi yake yatarudishwa, mara ya tatu haendi nayo.

Nishani ile, kwa bahati, inatolewa na mtu wetu. Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa, ni Lupita Nyong'o, aliyeingia kwenye galaksi hii muda mfupi baada ya kushinda Oscar, na ambaye katika filamu zote 3 uso wake haukuonekana hata mara moja. Wala si Mkenya wa kwanza kusikika huko bila kuonekana. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, rubani Nien Nunb aliyekaa pembeni ya Lando walipolipua kituo cha adui, alikuwa akizungumza Kikuyu. Sauti ilikuwa ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Watu walioijua lugha hiyo walisikia maneno mahali ambapo wengine walisikia mlio wa kiumbe. Katika The Rise of Skywalker, Nien Nunb anarusha chombo kinachoteketezwa na radi za Palpatine, na hakuna anayesimama kumtaja. Rubani mwingine, Snap Wexley, akifa Poe anaachiwa nafasi ya kusikitika. Ni jambo dogo. Lakini filamu inayouliza nani ni nani hujibu pia kwa namna inavyogawa sekunde za kuomboleza.

Sasa niseme kinachonifanya nisiweze kuichukia. Vita vikiwa vimeelemea upande mmoja, matumaini yameisha, Lando anatokea angani na nyuma yake maelfu ya vyombo: vya mizigo, vya kizamani, vya wafanyabiashara, vya watu waliopanda walichonacho wakaja. Afisa wa adui anapoulizwa jeshi hilo limetoka wapi, anajibu kwa mshangao kwamba si jeshi, ni watu tu. Nilitetemeka. Hilo ndilo tukio bora la filamu, na linaipinga filamu yenyewe. Linasema kwamba dunia haiokolewi na wajukuu. Kisha kamera inashuka chini ya ardhi, ambako mjukuu na babu wanamalizana, na wale watu wote juu wanageuka kuwa mandhari.

Wasimulizi wa ngano wa pwani yetu walikuwa na kawaida ya kufunga hadithi kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wa msimulizi peke yake. Watu huichukulia kama adabu tu. Mimi naona ni mkataba. Msikilizaji anaitikia, anadakia, hata ananuna. Lakini uamuzi wa njia hadithi itakayopita ni wa anayesimulia, na lawama pia. Rian Johnson alisimulia kwa mkataba huo, akalaumiwa. The Rise of Skywalker ilitafuta hadithi ambayo ubaya wake usingekuwa wa mtu yeyote, kwa sababu kila kipande kilikuwa kimeombwa na mtu fulani. Ndiyo maana mashabiki waliogawanyika kuihusu hawakuweza kukutana hata kwenye ugomvi: kila mmoja alikuwa ametazama filamu iliyomjibu yeye nusu.

Mwaka 2022 ulianza mfululizo wa Andor, ulioongozwa kihadithi na Tony Gilroy, kuhusu kijana aliyelelewa na waokota vyuma. Hana Nguvu, hana upanga wa mwanga, hana babu anayejulikana, na tangu mwanzo tunajua atakufa. Wahakiki waliupenda, na mashabiki wengi waliokuwa hawasemezani tangu 2017 walijikuta wanaupenda pamoja. Kumbe waliweza kukubaliana. Walihitaji mtu wa kuwasimulia bila kuwauliza kwanza wao ni watoto wa nani.